Bibi Alishukia Malindi

Harufu ya ukili uliolowekwa hunirudisha mtaani kwetu Jang'ombe papo hapo. Ni harufu ya majani na maji yaliyolala, na nikiinusa huiona miguu ya bibi yangu, Bi Tatu, imenyooshwa uani, na mkeka unamtoka mikononi bila yeye kuuangalia.

Bibi alimzaa mama yangu Makunduchi, na kwetu habari ilikuwa imekwisha hapo: sisi ni watu wa Makunduchi tuliohamia mjini. Mama alilipenda sana jambo hilo. Majirani wakianza kubishana nani wazee wake wametoka Bara na nani hawakutoka, yeye alikaza kanga yake akasema sisi hatumo. Bibi mwenyewe akikasirika alisema Kimakunduchi kitupu, na mimi nikawa nakamata neno moja katika matatu. Nani angemtilia shaka?

Nilikuwa darasa la sita pale Mwalimu Saada, aliyetusomesha Kiingereza, alipotuletea maneno ya kushuka. Alichora ngazi ubaoni. "Descend", akasema, ni kushuka. "Descent" ni huko kushuka kwenyewe. Kisha akaandika "descendant", akasema huyu ni mjukuu, au kitukuu, au yeyote wa kizazi chako. Nikanyoosha mkono nikauliza huyo mjukuu kashuka kutoka wapi. Darasa zima lilicheka. Mwalimu alianza kunieleza, kengele ikalia, nikarudi nyumbani na ngazi kichwani: mababu wamekaa juu, sisi wajukuu tunateremka mmoja mmoja, tunaangalia tusianguke. Tena kulikuwa na "decent", yaani mwenye heshima, neno lisilohusiana na hayo hata kidogo, lakini masikioni mwangu yote yalikuwa mamoja. Nikaamini kwamba mtu mwenye heshima zake ni yule anayeshuka ngazi taratibu.

Siku hizo mtaani kwetu alikuwapo msichana wa Kizungu, mwanafunzi, aliyepanga chumba kwa jirani. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwauliza wazee habari za koo zao, na Kiswahili chake kilikuwa hakijavuka salamu. Alipofika kwetu alimwamkia bibi shikamoo vizuri kabisa, bibi akaitikia marahaba, na maneno yakamwishia. Mama aliniita. Yeye aliniona mimi msomi mkubwa kwa sababu niliweza kumsomea maandishi ya kwenye makopo ya maziwa. Akanikalisha baina ya bibi na mgeni, akarudi jikoni kwenye samaki wake.

Mgeni alisema maneno mengi. Mimi nilisikia "grandmother", halafu nikasikia "descended from", na moyo ukaniruka kwa furaha. Neno langu hilo.

"Bibi," nikasema, "anauliza ulishukia wapi."

Bibi aliacha kusuka. Alimtazama mgeni, akanitazama mimi, akamtazama tena mgeni.

"Nani kamwambia kama mie nlishuka?"

Nikamjibu sijui, ndivyo alivyouliza. Aliuvuta mkeka karibu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kama anayesema na mkeka:

"Nlishukia Malindi."

Akaeleza. Alikuja kwa meli kutoka Bara, mtoto mdogo asiyejua hata jina la mji aliotoka. Mama yake alimkabidhi kwa mwanamke mmoja wa Makunduchi waliyejuana naye huko, akasema yeye atafuata kwa meli ya pili. Mwanamke yule alimshusha Malindi, bandari ya mjini kwetu, akamwambia asiuachie mkono wake, akaenda naye kwao. Majirani aliwaambia huyu ni mtoto wa kaka yangu. Meli ya pili, bibi alisema, aliingoja mpaka akasahau kwamba anangoja.

Mgeni alinigeukia apate tafsiri. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba bibi alikwenda chini, Malindi. Akauliza kitu kingine, lakini sikusikia tena, kwa sababu mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na samaki wanaungua nyuma yake.

"Mama," akasema, "kwani Makunduchi si kwenu?"

"Kwa baba yako," bibi akamjibu. "Mie nlilelewa tu."

Mama akarudi jikoni. Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa ya ajabu. Mama na bibi walisemeshana habari za chumvi na mkaa tu, na mimi nikawa na hakika kwamba nimevunja kitu, ila sikujua ni kitu gani. Nilikwenda kwa Mwalimu Saada nikamweleza. Akanambia kwa upole kwamba mgeni hakuuliza habari za kushuka. Alikuwa akiuliza asili.

Nilikimbia nyumbani kurekebisha mambo. Bibi alikuwa uani, na mama ameinamia sinia akichambua mchele.

"Bibi, nlikosea. Alitaka kujua asili yako."

"Asili yangu siijui," bibi akasema. "Pa kushukia ndipo ninapopajua."

Mama aliliweka sinia chini. Akamwambia bibi avae buibui lake. Tulikwenda sote watatu Malindi, tukasimama nje ya lango la bandari, watu wanatupita na mizigo. Bibi alitazama huku na huku, akasema pamebadilika, hapakumbuki. Mama alimsogelea. Alimshika mkono, na hakuuachia mpaka tumerudi Jang'ombe.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mama siku zile alikasirika kwa kudanganywa. Nimeshakuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu. Bibi angeulizwa asili yake angejibu Makunduchi, kama alivyojibu maisha yake yote, na mgeni angeshukuru akaondoka. Mama alilala na mama yake nyumba moja miaka yote ile, na haikumpitikia hata mara moja kumuuliza alifikaje. Hilo ndilo lililomnyamazisha. Mimi nilikuwa nalichukulia kuwa ni hasira, na nikawa natembea nyumbani kwa ncha za vidole, namwogopa, na kumbe alikuwa anaona haya.