Hindi la Ndimu na Pilipili

Msichana anayechoma mahindi pale Mashimoni huwapakia wateja ndimu na pilipili, ila lake mwenyewe alizoea kulipukuchua kwa kidole gumba, punje moja moja. Ana ugonjwa wa sukari. Ikipanda, fizi humvimba, na akiuma kitu kigumu hutema damu. Daktari alimwambia maradhi hayo mawili, ya sukari na ya fizi, yanachocheana. Basi akashika insulini na mswaki kama mtu aliyeokoka. Leo amechagua hindi gumu kuliko yote, akalipaka pilipili, akaling'ata.

"Wee! Utabaki kibogoyo!" akapiga kelele Katunge, jirani yake muuza sukuma wiki.

Msichana akaligeuza hindi juani, akalikagua. Hakuna hata tone la damu.

"Kibogoyo nani?" akauliza, mdomo umejaa, akaling'ata tena.