Rimoti Tatu za Baba

Televisheni ya zamani ya baba, ile yenye chogo, ilikufa siku umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika tangu asubuhi. Alinipigia simu mchana nikiwa kwenye chumba cha walimu, katika shule ninayofundisha huku Sekei. Baba hakuwa na kawaida ya kupiga simu mchana.

"Shikamoo baba. Kuna nini?"

"Marahaba, mama. Hakuna kitu. Televisheni imetoa moshi."

Nikashusha pumzi. Baba anaishi na shangazi, dada yake mkubwa, kwenye shamba letu la kahawa na migomba, juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai. Mama alipofariki, shangazi, ambaye naye ni mjane, alifungasha vitu vyake akahamia kwa mdogo wake. Wazee wawili, ng'ombe mmoja wa maziwa, na jirani anayekuja kukata majani. Tangu hapo simu ikiita saa isiyo yake, mimi hutafuta kwanza kiti.

Televisheni kwao haikuwa pambo. Baba alikuwa na taarifa yake ya habari ya saa mbili na mpira wake wa mwisho wa juma. Shangazi alikuwa na kwaya za Jumapili na tamthilia za kutafsiriwa, zile za mabinti wanaolia kwenye majumba makubwa. Waligombana kila jioni kuhusu nani aangalie nini, na ugomvi ule ndio ulioniambia kwamba wako wazima.

Nikampigia mdogo wangu wa kiume anayeishi Lemara. Yeye ni mtu wa vifaa. Simu yake haimalizi mwaka kabla hajabadilisha.

"Tuwanunulie kitu rahisi," nikamwambia. "Cha kuwasha na kuzima."

"Dada, mzee katusomesha kwa kahawa. Leo tumpelekee kitu cha kubabaisha?"

"Sijasema cha kubabaisha. Nimesema rahisi."

"Watazoea. Mbona simu wamezoea?"

Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikamwachia. Jumamosi akanipitia, akapandisha na gari mpaka shambani akiwa na televisheni pana kama mlango, king'amuzi kipya, dishi, kisanduku cha intaneti, na sabufa ambayo ikinguruma vikombe vinatetemeka kabatini. Fundi alimaliza kufunga jioni. Mezani, juu ya kitambaa cha kufuma cha marehemu mama, zilibaki rimoti tatu nyeusi zilizofanana kama watoto wa tumbo moja.

Mdogo wangu akaeleza taratibu. Hii inawasha kioo. Hii inabadilisha chaneli. Hii ni ya sauti. Usichanganye hii na hii.

"Umeelewa, baba?"

"Nimeelewa."

Hilo jibu ndilo lililonitia wasiwasi. Namjua baba. Huyu ni mtu aliyekuwa akifungua mashine ya kumenya kahawa, akaitandaza yote kwenye gunia, akamuuliza fundi maswali mpaka fundi akaomba maji. Siku hiyo hakuuliza swali hata moja. Aliitikia kwa kichwa tu, macho yake yakitazama mahali fulani juu ya kioo. Shangazi naye alikuwa akifumba na kufumbua mkono wake juu ya khanga.

Simu zilianza Jumatatu.

"Mama, imekuwa ya bluu."

"Imeandika nini hapo kwenye bluu?"

"Imeandika maneno."

"Maneno gani, baba?"

Nikasikia anasogeza kiti. "Maneno mengi tu."

Nikamwelekeza kwa simu, bonyeza juu kulia, hapana, siyo hiyo, chukua rimoti nyingine. Tulimaliza akiwa amebadilisha lugha, na kioo chote kikawa na herufi ambazo hata shangazi alisema kwa Kimeru kwamba zinafanana na nyayo za kuku. Kesho yake nikitoka kazini nikapanda daladala mpaka Maji ya Chai, nikachukua bodaboda mpaka juu, nikarekebisha kwa dakika chache, nikanywa chai, nikarudi mjini kiza kikiingia. Wiki ile nilifanya hivyo tena. Na iliyofuata.

Lakini kufikia hapo sikuwa nikihangaikia televisheni tena. Nilikuwa nikimwangalia baba.

Babu yangu, baba yake mzazi, alimaliza siku zake akiulizia ng'ombe waliouzwa zamani. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka akisimama zizini kila jioni akihesabu wanyama ambao hawakuwepo, na baba akimshika mkono kumrudisha ndani kwa upole ambao hakuwa nao mahali pengine. Katika familia yetu hatukuzungumza juu ya jambo hilo. Tulisema babu alichoka.

Kwa hiyo nilianza kuokota vitu vidogo vidogo. Siku moja baba alinitengenezea chai akaweka chumvi badala ya sukari, akaniletea huku anatabasamu. Nikainywa yote. Siku nyingine aliniuliza kama mume wangu amerudi safari, nikamjibu, na kabla sijamaliza kikombe akaniuliza tena. Mara nikamkuta amevaa sweta nje ndani. Kila nikirudi nyumbani nilikuwa nalala na hivyo vitu kichwani, navipanga na kuvipangua. Mwanafunzi akisahau daftari, nawaza baba. Mwalimu mwenzangu akipoteza funguo na kuziona mkononi mwake, wote wanacheka, mimi siwezi.

Nikamwambia mdogo wangu.

"Usianze, dada," akasema.

"Anashindwa kuwasha televisheni."

"Hata jirani yangu anashindwa, na ni kijana. Usianze maneno ya babu."

Mimi sikuwa nimemtaja babu. Ameshamtaja yeye. Nikajua kwamba na yeye analala na kitu hicho hicho.

Halafu simu zikakoma. Wiki nzima haikuita. Nilipopiga mimi, baba alisema televisheni iko vizuri kabisa.

"Jana ulisikia habari?"

"Nilisikia."

"Walisema nini?"

"Si mambo yao yale yale." Akageuza maneno, akaniuliza kama ng'ombe amezaa au bado, kama vile ng'ombe yuko kwangu.

Niliishika simu baada ya kukata nikaitazama. Ng'ombe alikuwa kwake. Jumamosi asubuhi sikungoja hata kufua.

Niliwakuta sebuleni wamekaa kwenye viti vyao vile vile, wameielekea televisheni, na televisheni imefunikwa shuka. Redio ndogo ya betri ilikuwa juu ya stuli mbele yake inasoma habari. Wameketi wanaiangalia shuka.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tumekusumbua vya kutosha," baba akasema. "Una kazi zako."

Nilitoa shuka bila kusema kitu, nikawasha, nikazima, nikampa rimoti. "Hebu baba, washa mwenyewe. Mimi nipo tu."

Nilidhani nitaona mtu anayetafuta jambo akilini na kulikosa. Nilijiandaa kwa hilo njia nzima. Lakini nilichoona ni kingine. Baba aliipapasa rimoti kwa kidole gumba kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayetafuta mbegu kwenye udongo. Akainuka, akaenda nayo dirishani. Akainamisha kichwa upande mmoja, akaisogeza karibu na sikio, kisha karibu na pua.

"Baba, hapo pamewekwa namba gani?"

"Unanipima?"

"Sikupimi."

"Unanipima. Nilikuzaa mimi, leo unanipima namba." Sauti ilipanda. Sijamwona baba amekasirika vile tangu nilipokuwa msichana. Nikarudi nyuma, nikakaa.

Shangazi ndiye aliyesema. Hakugeuka, aliendelea kutazama mbele, akasema kwa Kimeru chake cha polepole kwamba mdogo wake haoni. Hata Biblia asubuhi haisomi, anaisema kwa kichwa. "Anafungua ukurasa wowote," akasema. "Juzi aliishika juu chini."

Nikamwangalia baba. Ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Ibada ya nyumbani ya asubuhi haijawahi kukatika katika nyumba ile. Alikuwa amesimama dirishani, migomba nyuma yake, rimoti mkononi.

"Ni kweli, baba?"

Aligeuka akatazama migomba. Nikamwomba aniambie zaburi ambayo mama alikuwa anaipenda. Sikujua naomba kwa nini; nadhani nilitaka kushika kitu. Akaanza akiwa bado na hasira, na akaenda mpaka mwisho bila kukwama, na alipomaliza akaanza inayofuata bila kuombwa. Nilikuwa nimeifungua Biblia mapajani nikimfuata kwa kidole. Hakuacha neno. Nililia, na nikasema ni mafua.

Baadaye alikiri kwamba ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa zaidi, kama daktari alivyomwambia zamani. Alijua kwa muda mrefu. Yupo mzee mwenzake wa huko juu aliyefanyiwa upasuaji wa macho akarudi haoni kabisa, na baba akaamua moyoni kwamba nusu anayoona inamtosha. Televisheni ya zamani aliijua kwa vidole. Kila kitufe kilikuwa na ulaini wake. Hii mpya ilimvua nguo mbele ya watoto wake.

Mdogo wangu alikuja siku iliyofuata. Nilitarajia abishe. Alikaa akaitazama televisheni yake, akaizungusha rimoti moja mkononi kwa muda mrefu, akasema, "Nilitaka afurahi." Kisha akaanza kuchomoa nyaya mwenyewe.

Safari hii tulikwenda dukani pamoja mjini. Nilimwambia dada wa dukani kwamba nataka televisheni ambayo ukiiwasha inakupeleka moja kwa moja kwenye chaneli uliyoiacha, isiulize swali lolote, na iwe na king'amuzi ndani yake ili rimoti iwe moja. Alituonyesha kwanza zile za kuongea nazo kwa sauti. Nikafikiria shangazi akizungumza na televisheni kwa Kimeru, nikakataa. Tukapata ndogo, ya kawaida, bila intaneti, yenye rimoti ya vitufe vikubwa. Mdogo wangu aliijaribu pale pale amefumba macho, wateja wanamtazama. Aliikosea mara ya kwanza. Mara ya pili akaipata.

Shambani shangazi alitoa rangi ya kucha ya mjukuu wake iliyosahaulika tangu likizo, nikadondosha tone nene kwenye kitufe cha kuwasha, mawili kwenye cha kupandisha chaneli, yakakauka kama vipele. Baba akapapasa. Akawasha. Mtangazaji akatokea katikati ya sentensi. Akazima, akawasha tena, akazima tena.

"Rangi gani hii?" akauliza.

"Nyekundu."

"Afadhali sioni."

Kukubali kwenda hospitali kulichukua muda zaidi. Mchungaji aliongea naye, mdogo wangu aliongea naye, mimi nilichoka kuongea. Mwisho shangazi alimwambia kwamba akiendelea kuishika Biblia juu chini atakwenda yeye kumsemea usharikani. Akakubali jicho moja.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la hospitali mjini nikiwa nimeshika koti lake, nikikumbuka yule mzee aliyerudi gizani. Mimi ndiye niliyemsukuma. Likiharibika, nitamwambia nini? Mdogo wangu alikuwa akienda na kurudi kwenye korido mpaka muuguzi akamwomba akae. Mlango ulipofunguliwa nilisimama haraka, koti likaanguka.

Bandeji ilipotolewa kesho yake, baba alitazama ukuta kwanza, kisha dirisha, kisha mimi. Akanitazama kwa muda.

"Umekonda," akasema. "Kwani hamli huko Sekei?"

Jicho la pili bado hajakubali. Chumvi na sukari tumezihamishia kwenye makopo tofauti, na chai yake sasa ni ya kunyweka. Lakini kuulizwa jambo lile lile mara mbili hakujakoma, na hilo macho hayawezi kulieleza. Tulimpeleka kwa daktari mwingine, baba akiwa ameweka sharti kwamba isiwe siku ya mpira. Daktari alimuuliza maswali mengi, akatuambia kwa umri wake hajaona cha kumtisha, tumrudishe baada ya miezi kadhaa amwangalie tena. Mdogo wangu aliliona hilo kama ushindi. Mimi nilisikia tu hayo maneno ya mwisho.

Jumapili iliyopita tulikula wote kule juu. Shangazi alikuwa amepika loshoro, mahindi na ndizi kwenye maziwa ya mgando, akatugawia kama bado tuna miaka kumi. Baada ya chakula baba alikuwa na mechi, na shangazi alikuwa na tamthilia yake saa ile ile, wakaanza. Shangazi alisema mechi zote ni moja, watu wanakimbia. Baba alisema mabinti wote wale ni mmoja, wanalia. Sasa aliweza kuwatofautisha, akasema, na bado ni mmoja. Mdogo wangu akacheka mpaka akaweka bakuli chini. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni namsikiliza baba akitaja wachezaji, mmoja mmoja, na kila alipositasita kidogo kabla ya jina, nilikuwa nashika ukingo wa kiti, mpaka jina litoke.