Vidonge Nilivyopeleka Madhabahuni

Mtoto wangu wa pili alipofikisha miezi minne, nilikuwa siwezi kulala, sili, na hata kumtazama simtazami. Daktari mmoja wa Thika aliniambia ni ugonjwa wa huzuni unaowapata wengi baada ya kujifungua. Akanipa vidonge. Mwezi wa pili wa kuvimeza nilianza kumwimbia mtoto tena.

Kisha kina mama wa kanisa wakaja kunitembelea nyumbani Gitothua, na unga, sukari na maombi. Mwenyekiti wao akaviona vidonge juu ya kabati.

"Dada, hii dawa ni ya nini na wewe umeokoka?" akauliza. "Jumapili uilete madhabahuni."

Niliipeleka mwenyewe, simsingizii mtu. Nilipigiwa makofi, nikarudi nyumbani bila dawa, nikijiona shujaa wa imani. Wiki kadhaa baadaye mama yangu alinikuta nimekaa sakafuni, mtoto amelia mpaka sauti imemkauka, nami simsikii. Hakunikemea. Alimbeba mtoto mgongoni, akanishika mkono, tukaenda Thika. Njia nzima alikuwa akiomba chini chini, maana kwa maombi mama hana mpinzani.

"Mungu ndiye alimpea daktari akili, mami," aliniambia tukiwa kwa foleni. "Sasa ukikataa dawa, unaringia nani?"

Nilipopata nafuu, mwenyekiti akaniita mbele nitoe ushuhuda wa uponyaji. Nilienda na mtoto kiunoni. Nikatoa kidonge mkobani, nikaomba maji, nikameza kanisa zima likinitazama.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Ameniponya, na anatumia hii. Mwenye anataka niirudishe hapa, kwanza akuje akae na huyu mtoto."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Rafiki zangu walinishauri nihamie kanisa lingine. Nihame kwa kosa gani? Nilibatizwa pale, na Mungu wa pale ni wangu pia. Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la mbele, nikaimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu. Hasira ilinisaidia.

Kina mama waliponitembelea tena, nilikuwa nimeviweka vidonge mezani kando ya sukari. Nilimimina chai, nikamwomba mwenyekiti aibariki.

"Na usisahau kuombea daktari wangu," nikamwambia.

Aliangalia vidonge, akamwangalia mtoto aliyekuwa akimvuta leso. Kisha akafumba macho, akamwombea daktari.