Namba Saba Aondolewe

Profesa wa ubongo alikuwa bingwa wa huzuni za watu asiowajua. Kwa miaka ishirini alichunguza sonona: alianza na panya, akapanda ngazi hadi kwa binadamu. Kwenye mikutano alitamba, bila hata kupepesa macho, kwamba yeye huiona huzuni kabla mwenyewe hajaisikia. Watu walimpigia makofi, naye akayapokea yote.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, fundi cherehani. Mdogo mtu alikuwa amekonda, usingizi umemruka, na gauni la mteja lilikuwa mezani kwa mwezi wa pili sasa bila pindo. Hilo gauni profesa aliliona. Akamwambia mdogo wake aache uvivu.

Sasa, utafiti wa sonona unahitaji pia watu wazima wa afya, wa kulinganishwa na wagonjwa, na watafiti wakikosa watu huwakamata ndugu zao. Fundi naye alikamatwa. Kila baada ya miezi mitatu alilazwa kwenye mashine ya picha, kisha akajaza fomu: analalaje, anakulaje, anatamani kuishi? Majina hubaki kwa karani, mtafiti huona namba tu, asije akampendelea mtu. Utaratibu wa haki kabisa.

Asubuhi moja profesa alifungua bahasha ya fomu, akakuta namba saba anamharibia kundi la wazima. Usiku halali, chakula hali, na mara nyingi anaona afadhali asingekuwepo. Profesa alikasirika kwelikweli, maana takwimu zake zilikuwa zimeanza kupendeza. Akaandika kwa wino mwekundu: namba saba aondolewe.

Lakini mtu mwenye majibu ya namna hiyo lazima atafutwe siku hiyohiyo. Karani akafungua daftari la majina, akashusha kidole hadi namba saba.

"Simu yake unayo, Profesa," alisema. "Ni mdogo wako."

Profesa alifika nyumbani na koti la maabara mwilini. Mdogo wake alikuwa mbele ya cherehani, mikono mapajani. Profesa akamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Nimekwambia, dada. Hii fomu ya tatu. Nilijua unazisoma wewe."

Fomu mbili za kwanza zilikuwa ofisini juu ya kabati, hazijafunguliwa. Bingwa akaona aibu, akaketi sakafuni akilia. Kisha, mkono wa mdogo wake akiwa ameushika, akampigia simu mwenzake mmoja anayetibu watu.