Bibi Harusi wa Sekunde Tatu

Binti yangu alipokuwa akipambwa kwenye ukumbi wa Ganjoni, mimi mamake nilikuwa gorofani kwetu Mji wa Kale, nimekaa kwenye godoro na kanga kuukuu, bila wanja wala udi. Nilikuwa katika eda. Mume wangu alikuwa amefariki miezi miwili kabla, na mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi.

Harusi ilikuwa iahirishwe, lakini marehemu mwenyewe alikataa. Bwana harusi anafanya kazi Arabuni, likizo yake ilikuwa imeshapangwa, na mume wangu akiwa kitandani alitushika mikono akasema siku isiguswe. Nani angembishia mgonjwa? Baadaye nilimkasirikia sana, na kumkasirikia marehemu ni kazi bure maana hakujibu. Niliuliza kama harusi ya mwana si dharura ya kumtoa mjane nje kwa saa moja. Mama mkwe wangu alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, watu watasema nini? Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nimeshazihesabu boriti za dari mpaka nikawa nazichukia moja moja. Kilichoniuma si ukumbi wala biriani. Nilitaka kumwona mwanangu akiwa bibi harusi, basi, mara moja, kabla hajapanda ndege na mumewe.

Na kwenye kupamba hakuna simu. Bibi harusi hutolewa mbele ya wanawake peke yao, wageni wamevua mabuibui, wamejipamba, na hakuna anayetaka picha yake iishie kwenye simu ya mwanamume asiyemjua. Kwa hiyo mlangoni huwekwa mtu wa kupekua mikoba na kukusanya simu kwenye kikapu. Safari hii aliwekwa mdogo wangu. Hakuna aliyefikiria kumpekua mpekuzi.

Asubuhi yake alipanda ngazi akihema, akanitupia simu mapajani.

"Shika, dada. Usin'ulize."

Ilikuwa video ya dakika kumi na moja, imepigwa kutoka ndani ya kapu la asumini alilokuwa amelibeba. Niliona asumini. Niliona zulia, visigino, migongo ya watu, asumini tena. Nilimtukana mdogo wangu kimoyomoyo. Kisha, kwenye dakika ya saba, kapu likainuka na mwanangu akawa mbele yangu jukwaani, hina imemfika viwikoni, macho chini kama bibi harusi anavyofunzwa. Akayainua macho, akatazama upande mmoja, akayainamisha. Kapu likashuka. Zilikuwa sekunde tatu.

Sasa, kazi yangu mimi ni hiyo hiyo ya sekunde tatu. Wanawake wanaouza vyakula Makadara huniletea video zao, nami huwatengenezea picha zinazocheza, zile zisizo na sauti ambazo zikifika mwisho huanza tena zenyewe. Mahamri ya mtu hufura kwenye mafuta, na yakishafura hufura tena, na wateja humezea mate simuni. Natumia programu za bure, maana za kulipia zinataka kadi ya benki na mimi na benki hatupatani. Moja hukata video. Nyingine huipasua vipande vya picha na kuvipanga kimoja juu ya kingine, kama chapati.

Nilimkata mwanangu akawa vipande thelathini na sita. Pembeni alikuwamo mke wa mtu, nywele wazi, anacheza, na yule ni amana, sikuwa na haki ya kubaki naye. Nilipunguza ukingo wa kila kipande mpaka akatoka, hata kiwiko chake. Programu ikapunguza rangi ili picha iwe nyepesi, ikaila hina yote. Nikafuta, nikaanza upya. Kompyuta yangu ilikuwa ikichemka kama pasi. Siku mbili nzima sikukumbuka kwamba nimefungiwa, na nasema kweli, niliona raha hata nikaona haya.

Ilipokamilika niliiacha icheze. Akainua macho, akatazama, akainamisha. Akainua tena. Nilidhani anamtazama mama yake mdogo na lile kapu, nami nikawa nacheka naye. Nilikula mbele yake, nikaswali na kurudi kwake. Mahamri ya watu niliyaacha wiki nzima.

Juma lilipokwisha alikuja kuniaga. Saa chache zilibaki wapande ndege. Nikamwonyesha, nikitarajia vigelegele. Mwanzo alicheka, akashika mdomo, "Mama! Mumeipata wapi?" Kisha akakiinamia kioo. Picha ilizunguka mara nne, mara tano.

"Wamtizama mama yako mdogo hapo," nikamwambia.

"La. Natizama mlango."

"Mlango wa nini?"

"N'lisema labda utakuja. Najua huwezi, lakini n'lisema labda." Akaifunika kompyuta kwa mkono wake, polepole. "Na n'litizama mara moja tu, mama. Wewe wan'tizamisha mchana kutwa."

Nilimkumbatia, naye ananukia udi na mimi nanukia godoro. Nilimfuata mpaka juu ya ngazi, na hapo ndipo mwisho wangu. Nilisikia tuktuk ikiwaka chini, ikageuza, ikaenda.

Nikarudi nikaifunua kompyuta, naye bado alikuwa anatazama mlango. Programu ile ina kisanduku kidogo cha kuandika picha irudie mara ngapi. Katika miaka yangu yote ya mahamri sijawahi kukigusa. Niliandika moja, nikahifadhi, nikaifungua.

Akainua macho. Akatazama mlangoni, sikuwapo. Akayainamisha, akatulia hivyo, na safari hii hakuinua tena. Nilisubiri kidogo nikimtazama utosi, halafu nikaifungua tena mimi mwenyewe.