Kaburi la Kuonyesha

Mkutano ule wa kijiji uliitishwa kwa ajili ya dawa. Zahanati yetu, hapa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kusini mwa Mbamba Bay, ilikuwa ikiishiwa kila mara, na kila mtu alikuwa na jibu lilelile mdomoni: wageni. Wanavuka kutoka Msumbiji na watoto mgongoni, wanapanga foleni alfajiri, sisi tukifika tunaambiwa panadol zimekwisha. Sitasema uongo, hata mimi nilishachoka kurudi mikono mitupu.

"Wamekimbia risasi," alisema katekista. "Mnataka warudi wakafe?"

"Kukimbia wamekimbia," akajibu jirani yetu mwenye mashine ya kusaga. "Lakini tutamjuaje mgeni na mwenyeji, wakati lugha ni moja, sura ni moja, na dagaa tunaanika pamoja?" Akajijibu mwenyewe. Mwenyeji ana makaburi. Kila kaya ionyeshe kaburi la babu au bibi hapa kijijini. Isiyo nalo isubiri dawa zitakazobaki.

Watu wakapiga makofi. Yaani makofi! Kamati ikachaguliwa palepale. Nikageuka kumtazama mama, naye alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Mama yangu alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa bibi, enzi za vita vya Wareno. Kwingine hakukumbuki. Bibi tulimzika hapa ufukweni, kwenye mchanga, kisha ziwa likaanza kupanda. Likala miti, likala vichanja vya kuanikia dagaa, na makaburi yote ya upande ule likayameza. Pale alipolala bibi siku hizi watu wanafunga mitumbwi.

Wiki hiyo kijiji kizima kilikuwa makaburini. Watu ambao hawajawahi kung'oa hata jani kwa marehemu wao, leo wanapalilia, wanapaka chokaa, wanasakafia kwa saruji. Jioni moja nilimwona baba mmoja akirundika udongo nyuma ya nyumba yake, halafu akasimika msalaba juu yake. Aliponiona alinisalimia kwa sauti kubwa mno.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenye mashine. Nilimwamkia, maana adabu ni adabu, kisha nikamwuliza, "Baba, si wewe ulibeba jeneza la bibi yangu?"

"Nililibeba."

"Sasa?"

"Mimi najua, mwanangu. Lakini kamati nitaionyesha nini, maji?"

Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, nikaondoka.

Mama ana presha. Siku yake ya kliniki ilipofika hakuvaa kanga zake za kutokea. Nikamwambia twende, nitasimama naye dirishani, na atakayemuuliza habari za makaburi atanijua mimi ni nani. Akasema hana haja. Alichukua jembe, akaenda kando ya jiko, kwenye kipande kilichoinuka kidogo, akaanza kupara majani.

"Mama, unapanda nini hapo kwenye mawe?"

"Hapa maji hayafiki," alisema, kama mtu anayechagua pa kujenga banda la kuku. "Mkiniweka hapa, wajukuu zangu watakuwa na pa kuonyesha. Hakuna atakayewauliza tena."

"Mama, usiseme hivyo!" Nilipiga kelele, nikamnyang'anya jembe, nikalia mbele ya wanangu bila aibu. Kliniki hajaenda tena mpaka leo, na vidonge ninavyomnunulia nikipanda mjini Mbinga kuuza dagaa navikuta chini ya godoro lake.

Kila asubuhi anapafagia pale. Nami siku hizi nikiamka siwashi moto kwanza. Nasimama mlangoni, nasikiliza kama ufagio unasikika.