Bwana Usikanyage asubiri kipimo cha mwisho

"Usikanyage!"

Sauti inatoka ghorofani, na mwenye nyumba aliyekwisha kuinua mguu anaurudisha chini. Fundi zege ameshika mpira wa maji, anamwagilia sakafu waliyoimwaga juzi. Chini yake mirunda, zile nguzo za miti, bado imeibeba, na mwenye nyumba anataka ing'olewe leo akaitumie kwingine.

"Mbona juu pakavu?"

"Juu pakavu, bosi. Ndani bado. Ukiing'oa leo, kesho watatuokota vipande."

Kwa ukali huo wenzake wamempa jina la Bwana Usikanyage. Jina lake halisi ameomba lisiandikwe, kwa sababu simulizi hii ina aibu yake. Ameamua kuisema hata hivyo, "ili mwingine asihangaike kama nilivyohangaika mimi."

Mkewe alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake. Jioni moja fundi akaishia kwa mwanamke asiyemjua vizuri, bila kinga. "Sisingizii pombe, sikunywa," anasema. "Tamaa tu."

Siku chache baadaye akaanza kuwashwa mapajani. Kutazama, vipele. Akawa hatoki chooni, anajichunguza. Akikohoa, anajua ndiyo Ukimwi wenyewe. Akitoka jasho, ndiyo wenyewe, japo anabeba zege juani kutwa nzima. Wenzake walidhani anaharisha na wakamwonea huruma.

Mwishowe akajikaza, akaacha ujira wa siku na kwenda zahanati. Muuguzi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliviangalia vipele, kisha akaiangalia suruali yake ya kazi, iliyokakamaa kwa saruji hadi kiunoni.

"Baba, hii unaifua lini?"

"Jumamosi, sista."

"Basi saruji imekuunguza."

Kipimo cha damu nacho hakikuonyesha kitu. Fundi anakiri nusura amkumbatie mama wa watu. Alikuwa ameshafika mlangoni, anapiga mluzi, alipoambiwa arudi akae.

"Akaniambia vipele si jibu, na kukosa vipele si jibu vilevile, maana wengine hawaoni dalili yoyote," anakumbuka. "Akasema kipimo nimekiwahi mno. Ningekuja ndani ya siku tatu za kwanza, kuna dawa za kuzuia virusi. Sasa nirudi baada ya wiki sita, halafu tena miezi mitatu ikitimia. Na mpaka hapo, nisimguse mke wangu bila kinga."

Anatikisa kichwa. "Mimi huyu, ninayefukuza watu kwenye sakafu, nilitaka kung'oa mirunda mapema!"

Mkewe alikuwa anarudi kesho yake. Fundi angeweza kukaa kimya, maana jibu zuri alikuwa nalo, na nani angemuuliza? Anasema aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake. Akamweleza yote kabla hajafungua begi.

"Nililia, nikamtukana, nikataka kurudi kwa mama," anasema mkewe, akikunja nguo bila kuinua macho. "Hasira ninazo mpaka leo. Lakini angenificha akaja kuniambukiza, na baba watoto huyu tungeshaachana."

Mke naye alipima. Fundi akahamishiwa sebuleni na godoro jembamba, na suruali ya kazi sasa anaifua mwenyewe kila jioni.

Kipimo cha wiki sita kilikuwa safi. Alirudi nyumbani karibu akimbie, akamsomea mkewe majibu, na mkewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile akatabasamu. Fundi akaona mambo yameiva. Akajongea chumbani, akashika pazia.

"Usikanyage," mkewe akasema kutoka ndani.

Akaliachia pazia, akarudi kwenye godoro lake.

Wiki ijayo miezi mitatu inatimia, na mkewe amesema ataongozana naye. Akikutwa salama, fundi anataka kuomba msamaha mbele ya mama mkwe. Akikutwa na ugonjwa, ataanza dawa siku hiyohiyo. Kuhusu chumbani hajaahidiwa lolote, wala hadai.

"Yuko sahihi," anasema, akifungua tena maji. "Juu pamekauka. Ndani bado."